Tulipomfuata Babu Ngomeni

Mama alisikia habari za bustani ile kanisani, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa amepelekwa huko na wajukuu zake siku ya mapumziko. Alipofika nyumbani Magongo hakuvua hata kitambaa cha kichwa. Alikuja moja kwa moja nilipokuwa nimejinyoosha kwenye kochi na gazeti, akaniambia kwamba ile ngome ya vita upande wa Likoni imefyekwa, imepandwa maua, na siku hizi mtu yeyote anaweza kuingia. Nikasema vizuri. Akaniuliza tunakwenda lini. Nikasema tutaona. Mimi nina tabia ya kusema tutaona juu ya jambo ambalo sitaki kuliona, na mama aliijua tabia hiyo tangu nikivaa kaptura, kwa hiyo alivuta kiti akakaa mbele yangu kungoja jibu jingine.

Ngome yenyewe nilikuwa naijua kwa kuisikia tu. Waingereza waliijenga wakati wa vita vya pili vya dunia ili kulinda njia ya kuingia bandarini, nayo iko kando ya mto. Wenyeji huuita mto, ingawa maji yake ni ya chumvi na hujaa na kupwa pamoja na bahari. Waliochimba mahandaki yake na kubeba mawe yake walitolewa vijijini kwetu, nyuma ya Mazeras, na mmoja wao alikuwa babu yangu, babake mama. Askari wa chifu walimkamata akitoka shambani, hata jembe hakulifikisha nyumbani. Mkewe alikuwa na mimba changa ambayo hakuwa na hakika nayo, na alikuwa hajamwambia. Baada ya miezi alikuja kibarua mwenzake na habari kwamba amekufa kwa homa, na amezikwa huko huko karibu na maji pamoja na wengine. Mama alizaliwa muda mfupi baada ya hapo. Hakuachiwa picha wala nguo ya babake, na bibi alipoolewa tena hakupenda kumtaja.

Kwetu, mtu akifia mbali na mwili wake usirudi, jamaa zake huenda pale alipofia. Humwita kwa jina lake na la babake, huchota udongo kwa kifuu cha nazi na kuufunga ndani ya leso mpya, ndiyo kanga. Kuanzia hapo udongo ule ndiye yeye. Hufikishwa nyumbani, hulazwa ndani ya nyumba usiku mmoja, kesho yake huzikwa, na juu yake husimamishwa koma, kigingi cha mbao kilichochongwa, ili ijulikane kwamba marehemu ana kwao. Anayeubeba hasalimiani wala haongei na mtu njiani, ila na yule aliyefuatana naye. Maneno yake mengine ni ya marehemu, ambaye ni lazima aelezwe kila njia panda na kila penye maji asije akapotea. Na mwenye kwenda kumwita ni mtoto wake. Babu alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo sasa alikuwa amepita miaka themanini na daktari alikuwa ameshasema moyo wake umechoka.

Nilikuwa na sababu zangu za kukataa, na zilikuwa nzuri. Mimi ni mzee wa kanisa. Mama mwenyewe alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa kwa miaka mingi, ana sare yake na kitambaa chake cheupe, na hapo zamani aliwahi kumfukuza mganga uani kwa ufagio. Nilimkumbusha hayo yote. Nilimwambia udongo ni udongo, na kwamba wafu wako mikononi mwa Mungu popote walipofukiwa, iwe Likoni au kwetu Kaloleni. Nilizungumza vizuri sana, kwa sauti ile ninayoitumia nikisimama mbele ya watu kusoma matangazo. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Yesu ananijua, mwanangu," akasema. "Baba hanijui."

Nilikunja gazeti nikamwambia tutakwenda Jumamosi.

Ninapoandika haya mama hayupo tena. Ametutoka mwaka huu, kabla ya mvua za masika, na nyumba yangu imekuwa na utulivu ambao nilikuwa nikiuomba kila siku alipokuwa hai na redio yake, na sasa siutaki. Namtamani mama yangu. Nina umri wa kuitwa babu na nina wajukuu, lakini kuna saa za alasiri ninapomtamani mpaka nainuka kwenda chumbani kwake kutazama kitanda kilichotandikwa. Kwa hiyo safari ile ya Likoni, niliyoifanya kwa kununa, nimekuwa nikiirudia kichwani hatua kwa hatua.

Tuliondoka asubuhi. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na amebeba mkoba mweusi, na ndani ya mkoba mlikuwa na kifuu alichokikwangua mwenyewe mpaka kikang'aa, na leso mpya ambayo haijapata kuguswa na maji. Kwenye feri alisimama akiwa ameshika chuma, akitazama ng'ambo. Nilimwambia akae, kuna watu waliompisha. Akasema amekaa miaka yote hiyo, leo nimwache asimame.

Langoni mwa bustani tulipokewa na mlinzi mmoja mwanamke, mtu wa bara aliyeletwa Mombasa na kazi, mchangamfu kupita kiasi. Alimwita mama "shosho", yaani bibi, na kumtaka afungue mkoba. Mimi sipendi mama yangu kuitwa shosho, kwa sababu yeye si wa huko linakotoka neno hilo, na nilikuwa tayari kusema hivyo. Mama alinikanyaga mguu. Mlinzi alikiona kifuu akauliza ni cha nini. Mama akamjibu kwamba ni cha kunywea maji, maana vikombe vya watu havimpendezi. Kiongozi wa akina mama wa kanisa, mbele yangu, akasema uongo ule bila hata kupepesa jicho.

Sijui nilitarajia nini. Kichwani mwangu ngome ilikuwa na minara na bendera. Tulichokikuta ni vyumba vitatu vya saruji nene vilivyozama nusu ardhini, mzinga mmoja uliopakwa rangi ya fedha kama geti la mtu mwenye pesa mpya, na mahandaki mawili yaliyozungushiwa kamba. Kila mahali palipobaki palikuwa na majani yaliyokatwa vizuri, viti vya kukalia, na vitanda vya maua vilivyopangiwa mawe meupe. Maharusi walikuwa wakipigwa picha juu ya handaki. Mto ulikuwa chini kidogo, nyuma ya mikoko, umepwa na kuacha tope. Mama alisimama akatazama kote kote, na niliona uso wake unashuka. Nadhani na yeye alikuwa na ngome yake kichwani, yenye makaburi na watu wenye huzuni.

Ndani ya chumba cha kwanza kulikuwa na picha ukutani, kubwa, ya zamani, imewekewa kioo. Mzungu mmoja mwenye kofia alikuwa amekaa kwenye kiti katikati, na nyuma yake wamesimama wanaume weusi, vifua wazi, wameshika majembe na makarai. Mama aliniambia nisome yaliyoandikwa chini. Nikasoma. Lilikuwapo jina la Mzungu na cheo chake, na baada ya hapo maneno mawili tu, vibarua wenyeji.

"Majina yao?"

"Hayapo, mama."

"Tazama vizuri."

Nikatazama vizuri ingawa nilikuwa nimeshaona. Mimi nilifanya kazi bandarini maisha yangu yote kama karani wa kuhesabu shehena, na macho yangu huhesabu hata nisipoyatuma. Walikuwa kumi na saba. Mama alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo, akampitia mmoja mmoja, safu ya mbele kisha safu ya nyuma, kisha akarudi mwanzo. Alikuwa akimtafuta mtu asiyemjua kwa sura. Nilijua hivyo na nikamwacha. Baada ya muda mrefu akaniuliza kama nimeona yeyote anayefanana na mimi. Nilisema hapana, na ilikuwa kweli, lakini niliisema upesi mno.

"Mbona ni watoto?" akasema.

Walikuwa vijana wa miaka ishirini, ishirini na tatu, mmoja wao hana hata ndevu. Maisha yake yote mama alikuwa na baba mzee. Alikuwa amemfanya azeeke pamoja naye, akimwongezea mvi kila mwaka, na alikuja Likoni kumchukua mzee wa kumwamkia. Sasa alikuwa akiangalia vijana ambao mjukuu wake wa kwanza amewazidi umri. Aliufuta mvuke wa pumzi yake pale kiooni kwa ncha ya kitambaa chake, kwa upole, tukatoka.

Hapo ndipo mimi nilipoharibu. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, nilikuwa na njaa, na nilikuwa na haya, kwa sababu bustani ilijaa watu na sikutaka kuonwa nikishiriki mambo haya. Mama aliniuliza tuchote wapi. Mtoto mwenye akili angesema tuulize. Mimi nilionyesha kitanda cha maua kilichokuwa karibu, pembeni mwa mzinga, kilichojificha kidogo nyuma ya mbogenvilia. Nikasema hapa panafaa, ngome yote ni moja. Mama alinitazama, akataka kusema kitu, kisha akaniamini.

Akapiga magoti. Mimi nikasimama mbele yake kumziba na kujifanya naupiga picha mzinga. Nyuma yangu nikamsikia akimwita babake, jina lake na la babake, kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ndogo ya mtu anayebisha hodi. Alimweleza yeye ni nani, kwamba alikuwa tumboni, kwamba mama yake hakuwahi kusema. Aliomba radhi kwa kuchelewa. Niliposikia hivyo niligeuka huku nikibonyeza, na ile picha ninayo mpaka leo, ni ukungu mtupu. Alichota vifuu vitatu, akafunga leso mafundo mawili, akainuka akiwa amelikumbatia furushi kifuani. Uso wake ulikuwa umetakata.

Tulikuwa tumekwisha kuanza kurudi langoni tulipokutana na mtunza bustani, mwanaume wa makamo, ana toroli na panga. Akasimama kando ya njia kwa adabu.

"Shikamoo mama."

Mama akapita bila kumjibu.

Mtu asiyekaa pwani huenda asijue uzito wa jambo hilo. Mtu mzima kuamkiwa na kunyamaza ni kumtukana aliyemwamkia, ni heri umtemee mate. Nilimwona yule bwana akibadilika rangi, na nikafungua mdomo kudanganya kwamba mama sauti imemkauka. Lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kufika kwenye leso, kwenye yale mafundo, na kwenye mikono ya mama ilivyoishika. Akavua kofia. Kwa lafudhi yake ilikuwa wazi kwamba yeye pia katoka vijijini kwetu, upande wa Kaloleni huko. Aliniuliza kwa sauti ya chini mama amemfuata nani. Nikamwambia babake, alikuwa kibarua hapa. Akaniuliza tumechota wapi. Nikaonyesha kule kwenye mzinga.

Aliizungusha kofia yake mikononi.

"Kaka, ule udongo nimeuleta mimi," akasema. "Hapa ni mawe na mchanga, maua hayakubali. Tulileta lori tatu. Umetoka kwenu huko, Magongo."

Nitasema ukweli, nilicheka. Hakikuwa kicheko cha furaha, ni kile kinachomtoka mtu akianguka mbele za watu. Tulikuwa tumetoka Magongo, tumevuka bahari, tumemdanganya mlinzi, tumepiga magoti mbele ya maharusi, ili tuchote udongo wa Magongo. Na mimi ndiye niliyepachagua pale. Nimeukung'uta udongo ule mwekundu kwenye viatu vyangu kila masika kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikuutambua, kwa sababu sikuutazama. Nilikuwa nikitazama saa.

Mama aliyasikia yote. Aliweka furushi juu ya ukuta mfupi, akafungua fundo la kwanza na la pili, akautazama ule udongo. Akauchukua kidogo kati ya vidole akaunusa. Nilitaka anifokee. Alikuwa na ulimi mkali mama yangu, na siku nyingine angenikumbusha makosa yangu yote tangu shule ya msingi. Hakunifokea. Alisema tu, akitazama leso yake, kwamba alikuwa amemwambia kila kitu. Alisema amemwambia yote na hayupo.

Nilikaa chini pale pale kwenye ukuta. Sijapata kujiona mdogo namna ile. Nilimwomba msamaha, nikamwambia nilikuwa na haraka na nilikuwa na haya. Akasema anajua, aliiona haya yangu tangu kwenye feri. Kisha akaumwaga ule udongo kwa uangalifu kwenye kitanda cha maua kilichokuwa karibu, akakung'uta leso mpaka ikabaki safi, na akamgeukia mtunza bustani.

"Marahaba, baba," akamwambia. "Samahani. Nilidhani nimebeba mtu."

Yule bwana alitupeleka nyuma ya chumba cha tatu, mahali ambapo majani hayakupandwa. Palikuwa na uzio wa waya na bango linalokataza kuondoa kitu chochote. Alituambia kwamba walipokuwa wakichimba mtaro wa maji ya mvua waliwahi kufika hapa, wakakuta bakuli za bati, nyingi, zimewekwa kila moja mahali pake, mbali mbali kama zinazoashiria vichwa vya watu waliozikwa. Msimamizi aliamuru wafukie na mtaro upitishwe kwingine. Tangu hapo yeye hapandi kitu upande ule, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Aliinua waya kwa mguu wake mpaka mama akapita, na mimi nikafuata kwa kutambaa, shati langu likachanika mgongoni. Kisha akatugeuzia mgongo, akachuchumaa, na kuanza kunoa panga ambalo halikuhitaji kunolewa.

Udongo wa pale ulikuwa mweupe wenye kijivu, umejaa vipande vidogo vya matumbawe vilivyokatwa na nyundo. Mama alipiga magoti mara ya pili. Safari hii sikumziba, nilipiga magoti pembeni yake, na kitambaa changu cha mkononi nikamtandikia mbele yake. Akamwita babake tena, jina lake na la babake. Nilidhani atamweleza upya ile habari yote, lakini hakufanya hivyo. Alipitisha mkono juu ya ardhi, huku na huku, kwa namna mtu anavyopapasa kitanda gizani kujua wamelala wangapi.

"Walikuwa wangapi katika ile picha?"

"Kumi na saba, mama."

Akatikisa kichwa taratibu. Aliniuliza kama ninadhani kuna aliyekuja kwa wale wengine. Nikasema sijui. Mtunza bustani, bila kugeuka, akasema amefanya kazi hapa tangu siku ya kwanza ya kufyeka na hajaona mtu na leso.

Mila yetu haina nafasi ya jambo alilolifanya mama baada ya hapo. Unakwenda kwa wako, unamwita wako, unarudi naye. Wengine wana watu wao. Lakini mama alitazama ile ardhi yote mpaka kwenye mikoko, akasema kwa sauti ya kawaida, ile aliyokuwa akiitumia kutuita tukale.

"Na nyinyi wengine. Siyajui majina yenu, mnisamehe. Kama kuna asiyefuatwa na mtu na anataka njia, sisi tunapitia Mazeras."

Alichota kifuu kimoja karibu na magoti yake, kisha akaniambia nimsaidie kusogea, akachota kingine mbele zaidi, na kingine karibu na mikoko, na kingine kando ya waya. Leso ilijaa ikawa nzito. Nilimwambia nitaibeba mimi. Akakataa. Mtunza bustani alituinulia waya tena, na aliposimama niliona machozi yanamtiririka bila yeye kujali kuyafuta. Hakutuaga, na mama hakusema kwaheri, na safari hii sote watatu tulijua kwa nini.

Njia nzima ya kurudi mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa mama. Likoni watu huamkiana sana. Wauza ndizi, mafundi viatu, wasichana wa shule, kila mtu alimwona mzee mwenye mvi akaona ni wajibu wake, na mimi nikawa nadakia marahaba zisizo zangu kushoto na kulia huku nikieleza kwamba mama anaumwa koo. Muuza tangawizi mmoja alitukimbilia na kipande cha dawa. Kwenye tuktuk mama alijibana pembeni kabisa, bega lake likabonyea kwenye chuma, na dereva akamwambia akae vizuri, nafasi ipo, abiria ni wawili tu. Mama hakumjibu. Nilitazama ile nafasi kati yetu na mimi nikajibana upande wangu.

Alizungumza nao kila tulipogeuka. Hapa ni feri, chombo kikubwa, kinatikisika kidogo, msiogope. Hapa ni kisiwani, hatukai. Hapa ni Makupa, maji tena, lakini tunapita juu ya barabara. Hapa ni Changamwe, mwanangu anakaa karibu na hapa, mtamjua siku nyingine. Aliyasema kwa lugha ya nyumbani na kwa sauti ya chini, na abiria wa karibu walidhani anasali. Nilikuwa mzee wa kanisa bado, na sijui niliamini nini siku ile. Ninachojua ni kwamba tulipofika Mazeras na gari likakata kona kwa kasi, mimi ndiye niliyesema, kabla yake, kwamba hapa tunaingia kulia. Mama alinitazama. Kisha akaniegemea begani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu baba yangu afe.

Boma la babu lipo mpaka leo, lina nyumba moja ya mawe na jiko la makuti, na linatunzwa na mjane wa binamu yake mama. Tulikuwa tumemtumia ujumbe. Tulifika jua limelegea, na tulimkuta amefagia uwanja, ameweka mtungi wa maji kizingitini, na amesimama mbali kama inavyotakiwa, mikono nyuma. Alilitazama lile furushi na niliona anashangaa ukubwa wake, lakini hakuuliza. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Desturi ni kwamba aliyeletwa huingia kwanza, na aliyembeba husimama kando ya mlango kidogo kumpisha, kisha naye huingia.

Mama alisimama kando ya mlango. Akamwambia babake hapa ni kwako, karibu ndani.

Nilihesabu kimoyomoyo muda unaofaa kumpisha mtu mmoja, nikasogea ili niingie niketi, maana miguu ilikuwa inawaka na tumbo lilikuwa tupu tangu asubuhi. Mama hakusogea. Alikuwa ameliegemeza furushi kifuani, ametazama kizingiti, na midomo yake ilikuwa ikitikisika. Upepo ukausukuma mlango ukaanza kujifunga. Nikamwambia, mama, ingia, utaanguka.

"Ngoja, mwanangu," akasema. "Bado wanaingia."

Nikarudi nyuma hatua moja, nikaushika mlango.